Nyuzi Mbili Zinazoshikana: Dawa za RNA na Fundisho la Beni



Ukikaa Kalemie unajua namna habari za ugonjwa zinavyotufikia. Zinakuja na mashua kutoka Uvira. Zinakuja na gari-moshi kutoka Kabalo na Nyunzu. Zinakuja na kijana aliyekwenda kuchimba, akarudi nyumbani na homa. Habari za dawa nazo zinapita njia zilezile, na mara nyingi zinafika zimeharibika. Sokoni mmoja anasema: "Ile sindano mupya inabadilisha damu ya mutu." Mwingine anamjibu: "Hapana, ile njo inaponyesha yote." Wote wawili wanasema kwa nguvu. Lakini ukiwauliza dawa yenyewe inatumika namna gani, wananyamaza.

Mwezi huu tuzungumze juu ya dawa hizo zinazotengenezwa kwa herufi za RNA. Usiogope jina. Mtu anayejua kufunga mtumbwi wake vizuri pale pwani ataelewa sehemu kubwa ya mambo haya. Tena habari hii inatuhusu karibu sana, kwa kuwa mojawapo ya dawa hizo ilijaribiwa hapa hapa mashariki ya Congo, kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo, katika kazi iliyopewa jina la Kiswahili.

BARUA INAYOSOMWA NA KUCHANWA

Karibu kila seli ya mwili wako ina kitabu kikubwa kinachoitwa DNA (watoto wetu shuleni wanakijua kwa jina la Kifaransa, ADN). Kitabu hicho kinakaa ndani ya chumba chake, hakitoki. Seli ikitaka kutengeneza kitu, inanakili ukurasa mmoja tu. Nakala hiyo ndiyo RNA, ao ARN kwa Kifaransa. Ni kama mkubwa wa kompani anayekaa ofisini. Hashuki mwenyewe shimoni. Anaandika karatasi na kumtuma mtu. Wafanyakazi wakiisha kuisoma na kufanya kazi, karatasi inachanwa.

Barua ya RNA imeandikwa kwa herufi nne: A, U, G na C. Kila herufi ni kama tofali moja, na tofali lina sehemu tatu: herufi yenyewe, sukari inayoibeba, na fosfati inayoliunganisha na tofali linalofuata.

Ile sukari ndiyo yenye siri. Mahali ambapo wakemia wanapaita namba 2, sukari ya RNA ina oksijeni na hidrojeni. Sukari ya DNA haina oksijeni mahali hapo. Ni kitu kidogo sana, lakini kwa sababu yake RNA ni dhaifu: oksijeni ile inaweza kugeuka na kukata uzi wake wenyewe. Zaidi ya hiyo, mwili wetu umejaa wakataji wa RNA. Wako kwenye jasho, kwenye mate, hata kwenye ngozi ya vidole. Barua ya RNA haikai sana. Na ni vema isikae, juu amri ya jana isiendelee kutumika leo.

Virusi vingine havina DNA kabisa. Vinabeba RNA tu. Ebola ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 19,000. Virusi vya Covid vina karibu 30,000. Vikiingia ndani ya seli, vinawadanganya wafanyakazi. Wanasoma barua ya mgeni wakidhani ni ya mkubwa wao.

KAMA FERMETIRI YA KOTI

Herufi hizi hazishikani ovyo. A ni mwenzake U. G ni mwenzake C. Nyuzi mbili zikikutana, na herufi za uzi mmoja zikiwa wenzake wa herufi za uzi wa pili, zinajifunga kama fermetiri ya koti (wengine wanasema zipu). Wataalamu wanaita uzi huo wa pande mbili dupleksi. Sisi hapa tuuite uzi-pacha.

A na U wanashikana kwa mikono miwili. G na C wanashikana kwa mikono mitatu, kwa hiyo wana nguvu zaidi. Ukipasha uzi-pacha moto, fermetiri inaanza kufunguka. Wakemia wanapima ni kwa digri ngapi nusu ya nyuzi-pacha zimekwisha kuachana, na kwa namba hiyo wanajua uimara wake. Uzi mrefu ni imara kuliko uzi mfupi. Wenye G na C nyingi ni imara kuliko wenye A na U nyingi. Maji yenye chumvi yanausaidia kushikana. Na herufi moja ikikosa mwenzake katikati, fermetiri inalegea pale pale.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kipimo cha labo kinachoitwa PCR kinatumika kwa sheria hiyo. Mashine inapasha moto mpaka digri karibu 95 ili nyuzi ziachane. Kisha inapoza, ili uzi mfupi wa labo utafute mwenzake ndani ya damu ao usaha wa mgonjwa. Ukimpata, virusi vimeonekana.

Wachimbaji wa Kamituga, katika Kivu ya Kusini, wana habari ya kutueleza hapo. Mwezi wa tisa 2023 aina mpya ya mpox ilianza kuonekana katika mji huo wa dhahabu. Mpox ni virusi vya DNA, lakini sheria ya kushikana ni ileile. Kipimo kimoja kilichotengenezwa kutambua aina ya mpox ya Afrika ya Kati hakikuweza kuiona. Kwa nini? Kipande cha maandishi ambacho kipimo kilikitafuta kilikuwa kimepotea ndani ya virusi hivyo vipya. Upande mmoja wa fermetiri haukuwapo tena. Vipimo vingine, vilivyotafuta sehemu nyingine za virusi, viliiona. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba mpox ni dharura ya dunia nzima, na dharura hiyo iliondolewa tarehe 5 mwezi wa tisa 2025.

Basi kumbuka neno hili: kushikana ao kutoshikana kwa nyuzi mbili kunaweza kuamua kama mgonjwa anajulikana ao anapita mlangoni bila kuonekana.

WAKEMIA WANABADILISHA TOFALI

Sasa fikiri pamoja nasi. Kama uzi wa RNA unaweza kushika uzi mwingine, kwa nini tusitengeneze uzi mfupi unaoshika barua ya Ebola, ili isisomwe?

Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1998. Andrew Fire na Craig Mello, kule Marekani, walionyesha katika minyoo midogo kwamba RNA ya nyuzi mbili inaweza kunyamazisha barua yenye maandishi yaleyale. Walipewa Zawadi ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 ilionekana kwamba seli za binadamu nazo zinakubali, kama uzi-pacha ni mfupi, wa herufi 21 hivi. Seli inaupokea, inatupa uzi mmoja, inabaki na wa pili kama picha ya mtu anayetafutwa. Barua yoyote inayoshikana na picha hiyo inakatwa.

Lakini palikuwa na shida mbili. Kwanza, wakataji wa mwili waliumaliza uzi huo kabla haujafika kazini. Pili, mwili ukiona RNA ngeni unadhani ni virusi, unapiga kengele, na mgonjwa anapata homa na kuvimba.

Wakemia wakarudi kwenye ile sukari, mahali namba 2. Waliondoa ile hidrojeni wakaweka kikundi kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu. Mara nyingine waliweka fluori pahali pa oksijeni. Ile oksijeni yenye kukata uzi haikuwa tena na nafasi ya kufanya hivyo. Wakataji walipofika walikuta mlango umefungwa. Tena nyuzi mbili zilishikana kwa nguvu zaidi, kwa kuwa sukari iliyobadilishwa hivyo inakaa katika umbo ambalo uzi-pacha unalipenda.

Katika Japani mwaka 1997, na katika Danimarki mwaka 1998, watu wa labo walifanya zaidi. Waliweka daraja dogo ndani ya sukari yenyewe, isiweze kugeuka huku na huku. Kila herufi iliyofungwa hivyo iliweza kuongeza digri 2 mpaka 8 kabla uzi-pacha haujafunguka. Kwa uzi wa herufi chache hayo ni mengi sana.

Labda utasema: "Basi wafunge herufi zote, uzi usifunguke hata siku moja!" Hapana, ndugu. Uliza mvuvi yeyote. Kamba ya mtumbwi ikifungwa legelege, upepo wa usiku unauchukua mtumbwi. Ikifungwa kwa fundo lisilofunguka, siku ya dhoruba, unapotaka kuuvuta haraka, unakaa pale unapigana na fundo. Uzi-pacha wa dawa ni hivyo hivyo. Lazima ushikane mpaka ufike ndani ya seli, kisha lazima ufunguke ili seli ichukue uzi mmoja. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba seli inachagua uzi kwa kuangalia miisho yake. Ule ambao mwanzo wake umeshikwa kwa ulegevu zaidi ndio unaochukuliwa. Kwa hiyo mtengeneza dawa anakaza fasi moja na kulegeza fasi nyingine. Akikosea, seli inabaki na uzi usio wa kazi na inatupa ule wa maana.

Kiasi ndiyo kazi yenyewe.

NYANI WALIPONA, LAKINI WATU?

Mwaka 2010 Thomas Geisbert na wenzake wa Marekani walitoa habari ya ajabu. Waliwaambukiza nyani Ebola, halafu wakawapa nyuzi-pacha zenye tofali zilizobadilishwa, zimefungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Nyani wanne waliopewa sindano saba walipona wote.

Kisha mwaka 2014 Ebola ililipuka katika Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watu zaidi ya 11,000 walikufa mpaka mwaka 2016. Virusi vya kule vilikuwa vimetofautiana kidogo na vile vya zamani. Herufi chache hazikupatana tena na dawa. Wakemia waliandika upya herufi hizo ili fermetiri ifunge, na nyani watatu waliotibiwa kwa dawa hiyo mpya walipona wote watatu.

Mwezi wa tatu 2015 dawa hiyo ilianza kupewa wagonjwa kule Port Loko, Sierra Leone. Mwezi wa sita kazi ikasimamishwa. Haikuonekana kwamba waliopewa dawa waliokoka kuliko ilivyotazamiwa kwa wagonjwa wasioipata. Wagonjwa wengi walikuwa wamefika wakiwa na hali mbaya sana.

Msomaji, usipite haraka hapa. Dawa ilikuwa na kemia safi. Herufi zilipatana. Nyani walipona. Na bado haikuokoa watu.

PAMOJA TULINDE MAISHA

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali yetu ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulienea Ituri, na mwezi wa nane 2019 ulifika hata Mwenga, katika Kivu ya Kusini, eneo la wachimbaji. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ulikuwa umepata watu 3,470 na kuua 2,287.

Wakati huo palikuwa na dawa nne zilizosifiwa, na hakuna aliyejua ipi ni bora. Taasisi yetu ya INRB ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ikishirikiana na taasisi ya serikali ya Marekani, ilianza jaribio tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2018. Jina lake lilikuwa "Pamoja Tulinde Maisha". Lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Dawa tatu kati ya nne zilikuwa za kingamwili, ni kusema askari wa damu waliotengenezwa labo. Mojawapo, iliyoitwa mAb114, ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Dawa ya nne ilikuwa remdesivir. Hii ndiyo tofali la RNA lililobadilishwa. Inafanana na herufi A, na inashikana na U kama A ya kweli. Mashine ya virusi inayonakili RNA haigundui. Inaichukua na kuijenga ndani ya uzi mpya. Lakini sukari yake imeongezewa kitu kidogo pembeni. Baada ya herufi chache, kitu hicho kinagonga ukuta wa mashine, na nakala inakwama. Ni tofali linaloingia ukutani vizuri, halafu linamzuia fundi asiendelee. Wazo zuri, sivyo? Katika labo na kwa nyani lilikuwa limefanya vizuri.

Kila mgonjwa alipangiwa dawa yake kwa kura, ili munganga asimchagulie ndugu yake dawa anayoipenda. Hakuna aliyeachwa bila dawa ao bila matunzo. Ilikuwa kazi ya hatari. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, na kwa siku zile watu wengi waliamini kwamba wagonjwa wanapelekwa mle kuuawa. Hata hivyo wagonjwa 681 waliingia katika jaribio. Tuwape heshima yao.

Tarehe 9 mwezi wa nane 2019 waangalizi walisimamisha upigaji kura, kwa kuwa jibu lilikuwa limeonekana. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa remdesivir, 53 walikufa. Kwa dawa ya ZMapp walikufa 50. Kwa mAb114 walikufa 35. Kwa dawa ya nne, REGN-EB3, walikufa karibu 34. Na kwa wale waliofika wakiwa na virusi vichache katika damu, dawa hizi mbili za mwisho zilipoteza wagonjwa 10 ao 11 tu kati ya 100.

Tangu siku hiyo wagonjwa wote walipewa mojawapo ya zile mbili bora. Mwaka 2020 Marekani ilizikubali zote mbili kuwa dawa za Ebola. Herufi yenye akili nyingi ilishindwa, na damu ya mtu wa Kikwit ilishinda. Bila kura ya Beni tungeendelea kubishana mpaka leo.

Jaribio lilionyesha neno lingine, na hili mama na baba walishike: kwa kila siku moja ambayo mgonjwa alichelewa kufika, uwezekano wa kufa uliongezeka kwa karibu 11 kwa 100. Hapo hakuna kemia. Ni miguu ya kumpeleka mgonjwa.

JE, HERUFI ZILIZOBADILISHWA NI BURE?

Hapana. Tusitoke kwenye kosa moja na kuingia katika lingine.

Remdesivir iliyoshindwa kwa Ebola ilijaribiwa tena mwaka 2020 kwa wagonjwa wa Covid. Katika jaribio moja kubwa lililoongozwa na Marekani, waliopewa dawa walipata nafuu kwa siku 10, na wasiopewa kwa siku 15. Herufi ni ileile, lakini ugonjwa ni mwingine.

Nyuzi-pacha nazo zilipata kazi. Mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa ya kwanza ya aina hiyo, patisiran, kwa ugonjwa wa mishipa unaorithiwa. Mwaka 2020 Ulaya ilikubali inclisiran, kwa watu wenye mafuta mengi katika damu. Karibu kila tofali lake limebadilishwa, na kwa hiyo ni imara sana: baada ya sindano mbili za kwanza, mgonjwa anachomwa mara moja tu kila miezi sita. Tena haihitaji frigo. Wewe unayejua namna kura ya umeme inavyokatika katikati ya usiku, utaelewa thamani ya jambo hilo. Siku moja, pengine, ujuzi huo utatuletea dawa za magonjwa yetu ambazo hazitaharibika kwa sababu ya umeme.

Na kuna ile chanjo ya Covid iliyogombanisha watu. Katalin Karikó na Drew Weissman, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walitafuta namna ya kumpa mtu barua ya RNA bila mwili kupiga kengele. Mwaka 2005 walionyesha dawa yake: badala ya herufi U, weka ndugu yake anayeitwa pseudouridini. Si kitu kigeni. Mwili wako mwenyewe umejaa nacho, na wataalamu walikijua tangu miaka ya 1950. Kinashikana na A kama U, hata kwa nguvu kidogo zaidi, lakini walinzi wa mwili wanakiona kama mtu wa nyumbani. Chanjo za Pfizer na Moderna zinatumia namna yake moja iliyoboreshwa, mahali pa kila U, katika barua yenye herufi zaidi ya 4,000. Karikó na Weissman walipewa Nobel mwaka 2023.

Congo ilianza kuchanja watu Covid tarehe 19 mwezi wa nne 2021, kwa chanjo ya AstraZeneca, ambayo si ya RNA. Baadaye mwaka uleule zikafika za Pfizer na Moderna. Hizi zilijaribiwa kwanza kwa makumi ya maelfu ya watu, nusu wakipewa chanjo ya kweli na nusu maji ya chumvi, kwa kura kama ya Beni.

Je, inabadilisha damu ya mtu? Sasa unaweza kujibu mwenyewe. Kitabu cha DNA kinakaa chumbani mwake. Barua ya chanjo haiingii chumbani. Inasomwa nje, inafundisha mwili sura ya virusi, kisha wakataji wanaimaliza. Lakini chanjo hizo, tofauti na ile inclisiran, zinataka baridi kali. Barua ni ndefu, ni uzi mmoja, na inakaa ndani ya vitone vya mafuta vinavyoharibika kwa joto.

MASWALI MAWILI YA KUCHUKUA NYUMBANI

Siku nyingine utakaposikia habari za dawa mpya, iwe kwa redio, kwenye simu ao kwa jirani, uliza mambo mawili.

La kwanza: Inatumika namna gani? Anayeifahamu anaweza kukueleza kwa maneno ya kawaida. Anayesema tu "ni siri ya Wazungu" ao "ni muujiza" hajakujibu.

La pili: Ilijaribiwa kwa watu gani, na ililinganishwa na nini? Dawa iliyoponyesha nyani bado haijaponyesha mtu. Dawa iliyoponyesha mtu mmoja bado haijajulikana, kwa kuwa pengine angepona mwenyewe. Uliza kama palikuwa na kura, na kama waliopewa walihesabiwa pamoja na wasiopewa.

Tena, mtu akikuletea chupa sokoni kwenye jua la saa sita na kusema ni chanjo ya ARN, mwache aende zake na chupa yake. Chanjo inatolewa kituoni, kutoka ndani ya frigo, na jina lako linaandikwa.

Na kijana akirudi kutoka machimbo na homa kali, ao vipele asivyovijua, msikae siku tatu mkibishana ni uchawi ao ni sumu. Mpelekeni siku ileile, na mseme wazi alitoka wapi. Munganga asiyeambiwa kwamba mgonjwa ametoka Kamituga hatajua atafute nini.

Maswali ya kuzungumzia jioni pamoja na watoto:

1. Kwa nini kamba iliyokazwa kupita kiasi inaweza kuwa mbaya kama iliyolegea? Tafuteni mfano mwingine katika kazi ya baba ao ya mama.

2. Kule Beni, kwa nini ilikuwa haki kuchagua dawa kwa kura, na si kwa kumwangalia mtu?

3. Ni habari gani ya dawa tuliyoisikia mwezi huu katika mtaa wetu? Tukiiuliza yale maswali mawili, inajibu nini?